Wafuasi tulikuwa nao, wanunuzi hatukuwaona: uzoefu wa kuuza korosho mtandaoni kutoka Mtwara

Kama unauza bidhaa ya chakula kutoka mkoani, kila mwezi unalipia matangazo ya mtandaoni, na mzigo hautoki, nadhani kuna cha kuokota hapa. Sisi tunabangua korosho Mtwara Mjini, huku Chuno. Biashara ni ya mama yangu mdogo. Yeye na akina mama wenzake wanashughulika na korosho zenyewe, mimi nimekabidhiwa simu: Instagram, Facebook, WhatsApp na chochote chenye skrini.

Mwaka 2023 ungetufungulia ukurasa ungesema hawa wamefika. Wafuasi elfu nne na ushei, posta mpya kila siku, nembo, rangi zinazofanana. Kijana mmoja wa Dar, mtaalamu wa masoko ya mtandao kwa maelezo yake, tulikuwa tunamlipa Sh 150,000 kwa mwezi atutengenezee posta na kuziposti. Jumatatu tunatakia watu wiki njema, Ijumaa tunawatakia Ijumaa njema, ikifika Siku ya Mtoto wa Afrika nasi tumo, na pembeni kuna kipicha cha korosho ambazo wala hazikuwa zetu. Zilikuwa za kuokota mtandaoni, kubwa na nyeupe pe. Mteja akipokea zake anauliza, "Dada, mbona hizi ndogo?" Na ana haki. Korosho zina madaraja: W180, W240, W320 na kuendelea, na hiyo namba ni makadirio ya korosho ngapi zinaingia kwenye ratili moja, yaani karibu gramu 454. Namba ikiwa ndogo, korosho ni kubwa. Sisi tunauza zaidi W320 huku posta inaonyesha W180. Kwa hiyo hata aliyenunua alikuwa ananunua na manung'uniko juu.

Juu ya mshahara wa kijana tulikuwa tunabusti. Unaijua ile: posti imekaa, kitufe kinakuambia ongeza uwafikie wengi, unaweka elfu kumi au elfu ishirini, unachagua Tanzania nzima, umri miaka 18 mpaka 65, unalala. Asubuhi "like" mia tatu. Inafurahisha kweli, siwezi kudanganya. Tatizo ni kwamba mfumo wa matangazo unakutafutia watu wenye mazoea ya kufanya kile ulichokiomba. Ukiomba watu wa kupenda posti, utaletewa wapenda posti, na watu hao wapo tele, wanapenda posti kuanzia asubuhi hadi usiku na hawana mpango wa kununua chochote kwako.

Siku moja mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka anapanga madaraja, nikamwonyesha ukurasa umefika wafuasi elfu nne. Akatazama simu, akarudi kwenye korosho zake. "Hivi hao watu elfu nne, mwanangu, korosho wanakula za nani?"

Nilikasirika. Nilimwona hajui mambo ya mtandao. Ila mama huyu ana daftari, counter book ya kurasa nyingi iliyochakaa jalada, na ndani yake kila gunia lina historia. Kilo mia moja za korosho ghafi zikiingia, anategemea zitoke korosho safi kilo ishirini mpaka ishirini na tano. Zikitoka kilo kumi na saba hasemi "biashara ngumu". Anafungua daftari na kurudi hatua kwa hatua: kuchemsha, kubangua, kukausha, kumenya ganda la ndani, kupanga madaraja. Labda zilikaa motoni mno, zikawa zinavunjika kwenye kumenya. Labda kuna mbanguaji mpya ambaye mkono haujazoea. Anajua zimepungua hatua gani, na anairekebisha hiyo hatua peke yake bila kugusa nyingine.

Mimi kwenye simu nilikuwa najua kinachoingia, pesa ya tangazo, na kinachotoka, kilo chache. Katikati giza. Kwa hiyo nikaazima utaratibu wake: meseji nazo zipite hatua, na kila hatua ihesabiwe.

Tulisimamisha matangazo yote na kijana wa Dar tukaagana naye kwa heshima. Simlaumu sana. Tulimwomba posti, akatupa posti, hakuna siku tuliyomwambia tunataka kuuza kilo ngapi kwa nani. Kisha nikaanza kusoma meseji za zamani, zote, za WhatsApp, za Instagram, na maoni chini ya posti. Kazi hiyo inachosha macho na inatia aibu pia, maana unakutana na majibu yako mwenyewe. Nilichora safu tano kwenye daftari: alituona wapi, aliuliza nini, alijibiwa baada ya muda gani, aliishia wapi, alilipa au la. Sikutumia programu yoyote. Ukitaka Excel ni sawa, lakini daftari linakulazimisha usome kila meseji kwa sababu unaiandika kwa mkono.

Kilichojitokeza kwanza ni hiki. Chini ya posti mtu ameandika "Bei?" na sisi tumejibu "Karibu sana mpendwa, njoo inboksi." Wengi hawakuja. Wauzaji tunajiambia tunaficha bei ili mshindani asione. Mshindani wetu yuko Mtwara hiihii, bei anaijua. Aliyekuwa hajui ni mteja.

Cha pili kiliniuma zaidi. Saa tatu asubuhi mtu ameandika: "Habari dada, nahitaji kilo mbili, nipo Tabata, mnaleta?" Jibu letu limetoka saa mbili usiku: "Habari ya leo, ndiyo mpendwa tunatuma." Naye akajibu kiungwana, "Nilishapata kwingine, ahsante." Meseji za namna hiyo zilijaa kurasa. Simu ilikuwa moja, ninayo mimi, na mchana nina shughuli nyingine. Tulikuwa tunalipia tangazo limlete mteja mlangoni halafu hatupo.

Cha tatu ni usafiri. Mtu wa Dar anataka nusu kilo, anaambiwa gharama ya kutuma kifurushi kwa basi, kisha bodaboda kutoka stendi hadi kwake, anajumlisha anaona kusafirisha kunakaribia bei ya korosho. Anaaga. Cha nne ni uaminifu: tunamwambia atume pesa kwanza, kwenye namba yenye jina langu mimi binafsi, wakati ukurasa una jina la biashara. Wewe ungetuma?

Na kulikuwa na jambo zuri. Wale wachache waliolipa hawakutoka popote penye matangazo. Wengi wao walikuwa watu wa Kusini wanaoishi Dar, waliotuona kwenye status ya ndugu au rafiki. Mtu wa Newala au Masasi anayekaa Mbagala humfundishi korosho ni nini, anataka tu kujua kama ni za msimu huu na zimekaushwa vizuri. Kundi la pili lilinishangaza: wageni wa kikazi waliokuja Mtwara, wamelala Shangani, kesho wanaondoka, wanatafuta za kubeba. Hao hawahitaji basi wala hawabishani bei ya kusafirisha. Na sisi tulikuwa hatuna hata tangazo moja linalowalenga watu waliomo mjini mwetu.

Hapa ndipo nilipopata jambo ninaloliona kubwa kuliko mengine yote: rekebisha kuanzia kwenye malipo, rudi nyuma kuelekea kwenye tangazo. Watu wengi tunaanza juu. Mauzo mabaya? Badilisha posta, nunua kamera, tafuta mtu maarufu akutaje. Lakini ukiongeza watu juu wakati chini pamevunjika, unawalipia wengi zaidi waje wakatishwe tamaa. Kwa hiyo tangazo liwe la mwisho kabisa kuguswa, hata kama roho inakuuma kukaa kimya mtandaoni wiki kadhaa. Mimi iliniuma. Wafuasi walipungua na nilikuwa naenda kuangalia kila usiku.

Tulianza na malipo. Jina la biashara tulikuwa tumeshalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa hiyo tukachukua Lipa Namba, namba ya kupokelea malipo ya biashara, yenye jina hilohilo. Mteja akitaka kulipa, jina analoliona kwenye simu yake kabla ya kuweka namba ya siri ndilo lililo kwenye ukurasa na kwenye pakiti. Hatua hii ndogo ilipunguza yale maswali ya "nitaaminije" kuliko video yoyote tuliyowahi kutengeneza.

Kisha usafiri. Tuliacha kutuma kifurushi kimojakimoja. Mizigo ya Dar sasa inaondoka kwa pamoja siku mbili za wiki kutoka stendi ya Mkanaledi, boksi moja, inapokelewa na kaka yangu anayeishi Temeke, yeye anagawa kwa bodaboda. Oda ya chini ni kilo moja, na bei tunayotaja imeshajumlisha kumfikishia mtu alipo Dar: Sh 28,000 kwa kilo ya W320. Hakuna "bei kamili utaambiwa". Kuna waliolalamika kwamba nusu kilo imeondolewa. Tuliwapoteza, na daftari linasema hatukupata hasara kwa kuwapoteza.

Majibu yalifuata. WhatsApp Business ina majibu ya haraka unayoandika mara moja na kuyaita kwa mkato, ina katalogi ya bidhaa zenye bei, ina lebo za kumwekea mteja: mpya, amelipa, ametumiwa, mpigie. Vyote ni bure na vilikuwemo humo simuni muda wote. Pia simu ya pili tumeiunganisha kwenye akaunti ileile, anayo binti wa mama mdogo, mchana anajibu yeye. Kanuni ya nyumbani: swali la bei likiingia kabla ya saa moja jioni lisikae zaidi ya robo saa bila jibu. Tumewahi kuivunja, ila inajulikana ni kanuni.

Wageni wa mjini tuliwapatia dawa isiyo na gharama. Tulijiandikisha kwenye ramani ya Google. Kuthibitisha, tulitakiwa kurekodi video inayoonyesha njia, bango letu na vifaa vya kazi, kisha tukasubiri. Tulipopita, mtu akitafuta korosho akiwa Mtwara anatuona na simu yetu na saa za kufungua. Picha tulizoweka ni za kwetu: mizani ikiwa na kilo moja kamili, pakiti yenye tarehe, akina mama wakibangua na mikono imepakwa majivu, maana mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Mama mmoja alikataa kupigwa picha mpaka abadilishe kanga. Tukasubiri abadilishe. Picha hiyo hadi leo ndiyo inayotajwa na wateja wapya.

Halafu ikaja Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizoikata barabara ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Kilwa, mabasi yakasimama. Hatujakaa sawa, tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za EASSy na Seacom chini ya bahari zikakatika, intaneti ikasuasua nchi nzima. Mzigo haupiti na meseji haziendi. Tulikuwa na watu waliokwisha kulipa. Tuliwapigia simu mmoja mmoja, kwa vocha ya kawaida, kuwaambia kilichotokea na kuwapa uchaguzi wa kurudishiwa pesa. Wachache walitaka pesa yao, tukarudisha, na makato ya muamala tukayabeba sisi. Tangu hapo kuna akiba ya kilo kadhaa inakaa Temeke kwa kaka, na namba za wateja zimeandikwa kwenye daftari pia, haziko kwenye simu peke yake.

Kuhusu hizo namba, jambo moja ambalo wengi hawalitilii maanani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Namba ya mteja ni taarifa yake. Usimwingize mtu kwenye kundi la WhatsApp wala kumrushia matangazo bila kumuuliza. Sisi mtu akishapokea mzigo tunamuuliza kama tumjulishe korosho mpya zikitoka, na akikubali tunamwomba ahifadhi namba yetu. Kuhifadhi ni muhimu: orodha ya matangazo ya WhatsApp inamfikia yule tu aliyekuhifadhi kwenye simu yake, na orodha moja inabeba watu 256. Nimeona wauzaji wanatuma kwa mamia ya watu na wanashangaa kimya.

Ndipo tukarudi kwenye matangazo ya kulipia. Safari hii hatukubonyeza kitufe cha kubusti, tuliingia kwenye kidhibiti cha matangazo chenyewe (Ads Manager), tukachagua lengo la watu kutuandikia WhatsApp, mkoa mmoja tu, Dar es Salaam. Na kila mara tunabadilisha kitu kimoja. Ukibadilisha picha, maneno na eneo kwa wakati mmoja, mambo yakienda vizuri hujui nini kimesaidia.

Jaribio lililotufunza zaidi lilikuwa la bei. Tangazo la kwanza halikutaja bei, la pili liliandika juu ya picha: kilo Sh 28,000, unaletewa ulipo Dar. Kila moja tuliliwekea Sh 30,000. La kwanza lilileta meseji mia moja, yaani Sh 300 kila meseji. La pili meseji arobaini, Sh 750 kila moja. Ungeishia hapo ungesema la kwanza ni bora maradufu, na ndivyo kijana wetu wa zamani angetuandikia kwenye ripoti. Lakini kwenye safu ya tano ya daftari, ile ya "alilipa au la", la kwanza lilikuwa na waliolipa wawili, la pili watano. Mteja mmoja wa tangazo la kwanza alitugharimu Sh 15,000, wa la pili Sh 6,000. Bei iliyoandikwa iliwaondoa wasionunua kabla hawajatumalizia muda wa kujibu.

Sasa faida yetu kwa kilo, ukiondoa kila kitu isipokuwa tangazo, ni kama Sh 6,000. Maana yake hata lile tangazo zuri, kwenye kilo ya kwanza tumetoka sare. Pesa iko kwenye kilo ya pili na ya tatu, ambazo hatuzilipii tangazo. Nilipoliona hilo niliacha kuhangaika na wafuasi, nikaanza kuhangaika na mtu aliyenunua mara moja akapotea. Tunamwandikia baada ya wiki tatu hivi, meseji fupi yenye jina lake, kumuuliza zilikuwaje. Wengine wanajibu na malalamiko, zimekuwa laini, pakiti ilipasuka. Tulibadilisha mifuko kwa ajili ya malalamiko hayo, na mifuko mipya ni ghali kuliko ya awali, ijulikane.

Kitu kingine: panga matangazo kwa kalenda ya zao lako. Huku minada ya korosho inaanza Oktoba. Kufika Agosti na Septemba malighafi imekwisha au imepanda sana. Zamani tulikuwa tunatangaza mwaka mzima kwa kiasi kilekile, wateja wanakuja tunawaambia wasubiri msimu. Sasa miezi hiyo hatutoi hata shilingi ya tangazo, na pesa yake tunaihamishia Novemba, Desemba na kuelekea Ramadhani.

TikTok imetushinda. Video moja ya kubangua ilitazamwa na watu wengi mno, maoni yakajaa kutoka kila kona, oda hazikuja. Tunaiweka tu kwa sababu binti wa mama mdogo anaipenda. Na wanunuzi wa nje wanaoomba makontena halafu wanataka utume ada ya usajili kwanza, usiwajibu.

Ninachohangaika nacho sasa ni vipande, zile zinazovunjika kwenye kubangua na kumenya. Zinarundikana. Nilipopekua safu ya "aliuliza nini" nikaona waoka keki walishaziulizia zamani, sisi tukawajibu tunauza nzima tu. Tumewawekea tangazo lao, bei chini ya W320, Kinondoni na Ilala pekee. Waliojibu mpaka sasa wanataka mifuko ya kilo tano, nasi mifuko tuliyonayo inaishia kilo moja.